Kiti cha Wageni Wasiofika

"Allô. Allô. Benoît, inasikika kule chini ao nipige kelele?"

Sauti ya Kavuo ilinifikia kabla sijaona kitu chochote. Ukungu ulikuwa umeumeza mlima wa chuo mzima, hata vidole vya miguu yangu sikuviona, na humo ndani ya weupe kipaza sauti kilikohoa, kikapiga mluzi mrefu, kikanirudishia sauti yake. Ilisikika. Nadhani ilisikika hadi sokoni Kitshanga. Mimi nilisimama.

Baba mdogo Kanyamibwa, aliyekuwa akinifuata, alinigonga mgongoni. Kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nilichobeba begani kikayumba.

"Umesimama ju ya nini?"

"Napumzika."

"Toka tushuke ku piki haukupumzika. Ni yeye?"

"Nani?"

"Huyu anaongea mu chuma."

Baba mdogo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza ng'ombe wa mtu kabla ya kumnunua. Kavuo alikuwa akirudia, allô, allô, na kila mara neno lilitoka zito kidogo kuliko la kwanza.

"Sauti muzuri," alisema. "Lakini imechoka."

Nani hakuwa amechoka mwaka ule? Sisi tulikuwa tumetoka Kashuga alfajiri, watu watatu pamoja na dereva, na kibuyu, juu ya pikipiki moja, kutoka kwenye shitingi ambalo tuliliita nyumba tangu vita vilipotushusha kutoka kilimani kwetu. Ndani ya turubai lile mama yangu Dancille alikuwa amekamua ndizi kwa mikono yake mwenyewe, ndizi za kuombaomba, ili chuo kipate pombe ya mchezo. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa kilimo. Siku za masomo nililala juu ya madawati, na madawati yale yalinifundisha mashairi, kwa sababu mtu asiyepata usingizi lazima afanye kitu na maneno. Hakuna mwalimu aliyenifunza. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyopaswa.

Siku hiyo ilikuwa Siku ya Kimataifa ya Tamaduni. Mama Adelaïde, mwalimu wetu, aliiahirisha kila mara risasi ziliposikika karibu, na sasa alikuwa amekata shauri. Wanafunzi na walimu wangetoka Kampala na Bujumbura kuja kutuona. Kila darasa lilipewa nchi ya kigeni ya kuandalia meza, na mchana kila kabila lingeonyesha desturi moja. Sisi wa familia za wakulima wa Masisi tulipewa kuonyesha jinsi mchumba anavyoombwa kwetu. Mchezo niliutunga mimi. Mwombaji nilikuwa mimi. Msichana alikuwa Kavuo, ingawa ni Mnande, kwa sababu wasichana wetu walicheka kila walipofika mahali pa kuinama. Na baba mdogo aliitwa kuwa mshenga, kwa kuwa sisi vijana desturi yenyewe tuliijua kwa kusimuliwa tu.

Ukungu ulipopasuka nilimwona. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya Japani. Alijifunga kitenge cha mama yake kwa kukikaza toka kwapani hadi kwenye vifundo, kilemba kimefungwa mgongoni kama mto, na nywele kazichoma kalamu mbili za bluu. Mbele yake palikuwa na wali aliouviringisha kwenye majani ya ndizi. Meza ya pili, Brazili, walikuwa na maharage na mpira. Senegali walikuwa na samaki mkavu mmoja ambaye kila mpita njia alimnusa.

"Umechelewa," alisema bila kuinua macho.

"Barabara."

"Kila kitu barabara." Alisogeza jani moja la wali, akalirudisha mahali pake. "Gisubizo, kesho asubuhi tunaenda Butembo."

"Mutarudi lini?"

"Papa anafunga duka. Jana alikuwa anang'oa misumari mu ukuta, anaiweka mu kopo. Mutu akibeba mupaka misumari, atarudi lini?"

Duka lile lilikuwa la baba yake, Papa Kasika, mfanyabiashara kutoka Butembo. Aliuza chumvi, mabati na kandambili sokoni. Waporaji walilivunja mara ya kwanza akalifungua tena, wakalivunja tena akalifungua tena, na mlango wake ulikuwa umeshonwa kwa mabati kama suruali ya mkulima. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu yule angechoka.

"Toka lini unajua?"

"Toka juma iliyopita."

"Na haukuniambia."

"Nilikuja nikuambie. Nilikukuta ku dawati. Ukasema, ngoja, sikiliza hii kwanza. Ukanisomea shairi."

"Lilikuwa lako."

"Langu?" Sasa aliinua macho. Yalikuwa na wekundu pembeni, lakini hayakuwa na machozi. Akalighani taratibu, kwa ile sauti iliyokuwa imepita kwenye kipaza sauti tangu alfajiri:

*"Nimekuja bila ng'ombe,*
*zizi limekuwa jivu;*
*nimekuja na ujumbe,*
*mwenye nao si mvivu."*

"Si limekaa vizuri?"

"Limekaa muzuri sana. Ng'ombe ni yako, zizi ni yako, ujumbe ni yako, na weye hauko muvivu. Sasa miye niko wapi mule ndani?"

Niliipekua ile mishororo minne kichwani kama mtu anayepekua mifuko akijua ufunguo ameuacha nyumbani. Hakuwemo. Damu ilinipanda masikioni.

"Unajua nini ya mashairi, weye?"

"Sijui kitu. Najua tu wakati mutu ananiangalia, na wakati anajiangalia."

"Basi enda Butembo," nilisema. "Kule batakuangalia. Baba yako anakutafutia mutu wa duka kubwa, si ndiyo? Hawezi kupokea mutoto wa shitingi."

"Ulimuuliza?"

"Namuona vile ananiangalia."

"Papa anaangalia batu bote vile. Macho yake inauma, miwani anakataa." Kicheko kidogo kilimponyoka, akakirudisha. "Gisubizo, ulikuja ku duka mara ngapi? Unasimama, unamuangalia kama muko na kesi, unasema 'chumvi', unaenda. Papa anakuita Bwana Chumvi. Aliniuliza kama kwenu munachunga ng'ombe ao munazikausha."

Ningecheka kama angeniambia siku nyingine. Siku ile nilishika ukingo wa meza ya Japani na kuangalia mikono yake ikipanga majani. Nilitaka kuishika. Badala yake nilisema, "Sitaenda kumwomba mutu kitu mikono mitupu ili anicheke."

"Hapana, hautaenda," alisema. "Weye utabaki umesimama wima. Miye nitaenda."

Alitoka nyuma ya meza, akapita karibu yangu hata kilemba kikanigusa mkono, akaelekea kwenye jenereta kumsaidia Benoît, fundi wa vipaza sauti. Hakugeuka.

Mama Adelaïde alikuja na simu mkononi saa ya ibada ilipokuwa inakwisha kule parokiani. Alikaa kwenye ukingo wa meza ya Senegali, kando ya samaki, bila kujali.

"Wageni wamefika Mubambiro," alisema. "Wamerudishwa Goma. Barabara imefungwa."

Mvulana wa Brazili aliokota mpira wake, akaukumbatia.

"Tuahirishe, Mama?"

"Nimechoka kuahirisha," alisema Mama Adelaïde. "Nikiahirisha tena nitakufa na programu mkononi. Tutacheza. Tutajiangalia sisi kwa sisi."

Lakini kiti kilibaki. Mbele ya safu zote palikuwa na kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa rangi: MGENI WA HESHIMA KUTOKA NCHI ZA NJE. Kikiwa kitupu kilituaibisha, kama pengo kinywani. Watu waliopanda kutoka sokoni na kambi ya wakimbizi ya karibu walikitazama kuliko walivyotazama meza za nchi.

Ndipo Papa Kasika alipojitokeza kwenye njia ya juu, kofia mkononi, anahema. Alikuja kudai vitu vyake. Viti vya plastiki vyote vilikuwa vyake, jenereta ilikuwa yake, na lori lilikuwa linapakiwa.

"Mama Adelaïde, nisamehe. Nilisema munirudishie asubuhi."

"Papa Kasika, mchezo mmoja tu. Watu wameshakaa."

"Nikitoa viti batakaa chini. Batu ba hapa banajua kukaa chini."

"Na umeme?"

Papa Kasika aliitazama jenereta yake, akamtazama binti yake aliyekuwa ameinama juu yake na kalamu mbili kichwani. "Kavuo, ni nini hii umevaa?"

"Japani, Papa."

"Japani," alirudia. Akapangusa uso. "Basi mumalize haraka."

Mama Adelaïde hakumwachia nafasi. Alimshika mkono, akamwongoza hadi kwenye kile kiti cheupe, akamkalisha chini ya ile karatasi. Watu walipiga makofi. Papa Kasika, ambaye nchi ya nje aliyoijua ni Kasindi mpakani, aliwapungia kofia kidogo, akanyoosha miguu, na kabla Wasenegali hawajamaliza ngoma yao kidevu chake kilikuwa kimegusa kifua.

Baba mdogo alinivuta kiwiko. "Huyu njo baba ya binti?"

"Ndiyo."

"Wa kweli?"

"Wa kweli. Lakini kwa mchezo baba ni Lévi. Yule wa ndevu za kondoo."

"Aa," alisema baba mdogo.

Tuliitwa. Lévi alikaa kwenye stuli upande wa kulia, ndevu zikimwasha. Kavuo alikaa nyuma yake kwenye mkeka, Japani ikiwa imevuliwa, khanga nyeupe begani, macho chini kama desturi inavyotaka. Kibuyu kiliwekwa katikati, mrija wa tete ukiwa umesimama ndani. Baba mdogo alivua kofia, na nikaona jambo ambalo sikuliona wakati wa mazoezi. Mgongo wake ulinyooka. Mzee aliyepanga mstari wa maji kule Kashuga kila asubuhi hakuwepo. Pale alisimama mtu aliyewaombea wake vijana wa kilima kizima.

"Tumepita njia ndefu," alisema, "tukaona moshi wa nyumba hii unapanda bila kupinda. Tukasema, kuna mutu anachochea moto muzuri. Tumekuja kumuona huyo anayechochea."

"Moshi ni wa maharage," alijibu Lévi kama nilivyomwandikia. "Mpishi hauzwi."

Watu walicheka. Baba mdogo alijibu na jambo lisilokuwemo kwenye mchezo wangu, Lévi akababaika, watu wakacheka zaidi. Kisha ikawa zamu yangu. Mwombaji anasimama, anasema shairi lake, mshenga anakabidhi pombe.

Nilisimama. Niliwaona wazee wa kwetu waliopanda kutoka kambini wamekaa pamoja upande mmoja, wamefumbata mikono. Nilijaza kifua. *Nimekuja bila ng'ombe.* Neno la kwanza lilikuwa tayari mdomoni.

Kavuo aliinua macho. Hakupaswa kuinua. Aliniangalia mara moja, bila hasira wala kubembeleza, jinsi mtu anavyoangalia chumba alichoishi kabla hajafunga mlango.

Sikuweza. Mimi niliyeghani mbele ya maafisa, mbele ya padri, mbele ya mvua, nilisimama pale na mdomo wazi. Shairi langu lilinipita kichwani lote, na yeye hakuwemo, na sikuwa na jingine. Benoît alinong'ona, "Sema." Sikusema. Mtu alikohoa.

Baba mdogo alikiinua kibuyu.

Nilidhani anampelekea Lévi. Lévi naye alidhani hivyo, akanyoosha mikono. Baba mdogo alimpita, na ndevu zake. Alitembea polepole hadi kwenye kile kiti cheupe, akapiga goti moja mbele ya mgeni wa heshima kutoka nchi za nje, akaonja kwanza yeye kama desturi, kisha akaugeuza mrija.

"Mwenye nyumba," alisema kwa sauti ya chini iliyofika kila mahali, "kijana ametoka mbali. Mudomo umemukauka. Pombe hii imsemee."

Papa Kasika alishtuka usingizini. Aliona kibuyu, akaona mrija mbele ya midomo yake, akaona watu wote wanamtazama. Alikuwa amepanda mlima kwenye jua lililofuata ukungu, baada ya kupakia chumvi tangu alfajiri. Alishika mrija kwa mikono miwili, akanywa. Hakuonja tu, alikunywa hasa, koo lake likipanda na kushuka.

Uwanja ulipasuka kwa makofi. Wanande walishangilia mwenzao, Wasenegali walipiga ngoma. Upande mmoja tu haukupiga. Wazee wa kwetu walikuwa wameacha kufumbata mikono. Mmoja alitoa kofia.

Na Kavuo, ambaye nilimfundisha kila hatua ya desturi ile mimi mwenyewe, alifunika mdomo kwa khanga.

Nilimpata baba mdogo nyuma ya darasa, amekaa juu ya jiwe, anajipepea.

"Umefanya nini?"

"Kazi yangu. Ulinyamaza. Muombaji akinyamaza, pombe inatembea."

"Ulikuwa mchezo."

"Kwa Lévi ulikuwa mchezo." Alinitazama kwa ukali niliousahau. "Gisubizo, mama yako alikamua zile ndizi usiku mzima. Anajua ile binti inaenda? Hajui. Anajua tu vile unasema jina yake ukilala. Unafikiri alikamua ju ya ndevu za kondoo?"

Niligeuka nikatazama uwanjani, kule alikokuwa Kavuo.

"Sasa sikiliza," aliendelea, na akapunguza sauti. "Amekunywa. Bazee bameona. Kesho asubuhi nitasimama mbele ya gari yake na wao. Nitasema, binti haendi, baba yake alikamata mrija. Ni mutu wa soko, ataogopa haya. Atamuacha. Weye unyamaze tu kama ulivyonyamaza."

Nitasema kweli kwamba jambo hilo lilinipendeza. Kwa muda wa kuvuta pumzi kadhaa nilimwona Kavuo akibaki, nikaona lori likiteremka bila yeye. Ilikuwa rahisi. Nilitakiwa nisifanye lolote. Lakini kisha nilimwona akiniangalia kila asubuhi ya maisha yangu kwa yale macho ya mlango unaofungwa. Kiburi changu, ambacho kimeniharibia mengi, siku ile kilisimama upande wangu.

"Hapana," nilisema.

"Mutoto mujinga."

"Ndiyo, Papa." Nikaondoka.

Papa Kasika alikuwa anapandanisha viti. Kavuo alikuwa anakunja waya wa jenereta, akiuzungusha kiwikoni. Watu walikuwa wanashuka sokoni kwa makundi, na Wabrazili walikuwa wanakula maharage yao.

"Papa Kasika, niko na neno."

"Chumvi nimepakia tayari," alisema bila kugeuka.

Kavuo aliacha kuzungusha waya.

"Ni juu ya kile ulikunywa, Papa. Haikukuwa mchezo. Ao ilikuwa mchezo kwa batu bengine. Kwetu, baba ya binti akikamata mrija wa pombe ya kuomba, amekubali. Bazee bale pale chini ya mti bananingoja ninyamaze, ili kesho bakushike nayo. Sinyamazi. Sitaki siku moja mutu aseme nilimupata Kavuo ju baba yake alikuwa na kiu."

Papa Kasika aliweka kiti alichoshika. Akakikalia. Alinikazia yale macho yake mabovu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kweli alikuwa anajaribu kuniona tu.

"Na kama ningetema?"

"Ungekuwa umetutukana."

"Kumbe nilikuwa mu mutego pande zote." Alijikuna kidevu. "Ilikuwa nzuri, lakini. Nani alitengeneza?"

"Mama yangu."

"Mu shitingi?"

"Mu shitingi."

Alitikisa kichwa, kama fundi anayesifu kazi ya fundi mwingine. Halafu aliweka viganja juu ya magoti.

"Kwetu," alisema mwishowe, "pombe si kitu. Kwetu ni mbuzi, na ndugu zangu bakae chini, na shangazi yake Kaswera aseme matusi yake yote kwanza. Kwa hiyo kwenu nimekubali, na kwetu hata hatujaanza. Niko nusu."

"Papa," alisema Kavuo.

"Nyamaza, Japani. Naongea na Bwana Chumvi." Akanigeukia. "Miaka hii yote unasimama ku meza yangu. Ulitaka kusema nini? Sema. Hakuna mteja sasa."

Sikuwa na vina. Mikono yangu ilikuwa inanuka ndizi.

"Namupenda Kavuo," nilisema. "Akiwa amechoka anaongea polepole, na mimi nasikia kila neno. Akicheka anafunika jino la mbele. Sina nyumba. Niko na mama, na shamba ambalo sijui nani analala mule leo. Sikuombi umuache hapa. Naomba usimupe mutu mwingine kabla nije."

Waya ulianguka kutoka kiwikoni mwa Kavuo, duara baada ya duara. Hakuuokota.

Papa Kasika alimtazama binti yake kwa muda, akaguna. "Kesho ataenda," alisema. "Siwezi kuacha mutoto mahali ambapo mimi naogopa kuacha misumari. Lakini sitamupa mutu. Ni ile nusu yangu. Nusu ingine utaikuta Butembo, kwa ndugu zangu, na mbuzi. Na Kaswera hanywi kitu, ujue."

"Nitakuja," nilisema, na moto ule wa zamani ulinirudia mwilini, mtamu, mpumbavu. "Keshokutwa. Nitafuata nyuma yenu na piki. Nitapita Nyanzale, nitapita Kanyabayonga, waniue kama wanataka, lakini mimi si mutu wa kukaa—"

"Kwa barabara gani?" alisema Kavuo.

Hakupaza sauti. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu hata nikaona vumbi la uwanja kwenye kope zake.

"Barabara ile ile haikupitisha wageni? Sisi tunaenda mu msafara, na Papa hajalala siku ngapi ju ya ile safari. Na weye utakuja peke yako, na piki, ju ulisema." Akakaza midomo. "Unataka kufa muzuri, Gisubizo. Batu baseme, oh, yule kijana alikuwa moto. Miye sitaki bakuseme. Miye nataka ukuje. Ukuje umechelewa, umezeeka, mbuzi zimekonda, lakini ukuje."

"Unaniambia nikae tu?"

"Nakuambia ungoje. Nayo ni kazi. Miye nitaifanya pande ile, weye pande hii."

Hakuna neno nililolichukia maishani kama hilo. Kungoja ilikuwa ndiyo kazi ya kila mtu niliyemjua. Mama alingoja, wazee walingoja, kambi nzima ilikaa kwenye mstari ikingoja, na mimi niliapa sitakuwa mmoja wao. Niliangalia pembeni. Baba mdogo alikuwa ametokea kwenye kona ya darasa, kofia mkononi, na nyuma yake wazee wawili watatu. Papa Kasika alikuwa bado amekaa. Wote walikuwa wametulia, kwa ule utulivu wa watu ambao miguu inawauma.

Kavuo alinyoosha mkono, akaniondolea kipande cha jani la ndizi kilichonata shingoni. Vidole vyake vilikaa pale kuliko kazi ilivyohitaji.

"Sema," alisema. "Na sauti. Nataka basikie bote, ili usije kukana."

Nilisema kwa sauti ile niliyokuwa nimeitunzia shairi, na baba yake akasikia, na baba mdogo akasikia, na Benoît akazima jenereta ili asikie vizuri.

"Kavuo, sitapanda piki. Sitakuja mpaka gari za viazi zianze kupita Nyanzale bila kulala njiani. Siku hiyo nitakuja na mbuzi, nitakaa mbele ya shangazi yako, nitapokea matusi yake yote. Mpaka siku hiyo nitangoja. Na nikichoka, Kavuo, nitangoja nikiwa nimechoka."